Ngozi Iliyoupeleka Moyo kwa Daktari

Kama unavaa mikono mirefu hapa Bujumbura mwezi wa tisa, saa nane za mchana, na wewe si mchungaji wala bwana harusi, mimi nakujua. Najua kwa nini humpi mtu mkono mpaka akupe yeye kwanza. Najua kwa nini ukiinuka kwenye kiti unageuka kukitazama, unakipangusa upesi kabla mwingine hajakaa. Haya nimeyaandika kwa ajili yako. Niliyapitia, na leo nipo, nakula, nashona, na nguvu za kugombana na wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao ninazo tele.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Buyenzi. Suti za wanaume ndizo zinazonilisha. Fundi humjua mtu kwa mabega: akiingia tu nimeshaona bega lipi limeshuka na tumbo lipi limeanza kudai kitambaa. Kwa hiyo ugonjwa wangu ulinionea. Ungempata mvuvi au muuza maharage, angeweza kuuficha. Ulianzia kwenye viwiko na magoti, ukapanda kichwani, ukashuka mikono yote miwili: mabaka mekundu yenye magamba meupe yanayopukutika. Na kazi yangu ni kushona suti nyeusi.

Siku moja kijana aliyekuja kujaribu koti la harusi yake alijitazama kwenye kioo, akajipangusa bega. "Fundi, hii nyeupe ni nini?" Nikamwambia ni chaki. Tangu siku hiyo chaki ikawa wakili wangu. Nilizisambaza juu ya meza nzima, vipande vizima na vilivyovunjika, hata wanafunzi wangu wa ushonaji wakaniuliza kama nimefungua shule. Jioni nilikuwa nafagia mwenyewe, simwachii mtu.

Jina la ugonjwa nililijua mapema. Muuguzi wa zahanati aliniambia ni soriasisi, kwamba hauambukizi, na kwamba hauponi ukaisha kabisa ila hutulizwa. Mimi nilishika lile la kutopona, nikaacha mengine yote pale mezani. Nikanunua pomadi, ikasaidia, ikaisha, magamba yakarudi. Nikapaka mawese. Nikapaka kila kitu ambacho jirani aliwahi kumpaka mtoto wake. Na kila nilipopita mahali wanapopima presha, kanisani au kwenye mikutano ya mtaa, nilisema nina haraka. Kupimwa presha ni kukunja mkono wa shati, na mimi mkono wangu sikuwa naukunja mbele ya mtu isipokuwa mke wangu, Mama Nadine.

Sasa nikueleze habari ya kaka yangu, maana bila yeye simulizi hii haina mwanzo wala mwisho.

Kaka yangu mkubwa, Fidele, anakaa Gatumba, kando ya mto nje ya mji. Mto ulipofurika ukaingia nyumbani kwake mpaka kwenye godoro, alikuja kwetu na mkewe na watoto, tukabanana miezi mingi. Tuliishi vizuri. Lakini ngozi yangu mwaka ule ilikuwa imechafuka kuliko wakati wowote, na nyumba ikijaa watu huna pa kujifichia. Nilianza kuona sahani yangu inaoshwa peke yake. Nikaona watoto wanaitwa nje nikikaa karibu nao. Hakuna aliyesema neno. Sisi Warundi tunaweza kunyamazia jambo mpaka likaota meno.

Maji yalipokauka walirudi, wakajenga upya, na katikati ya kiangazi Fidele akatualika kuibariki nyumba. Palikuwa na chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, katikati ya ua, na mirija mirefu ndani yake. Kwetu mwenye nyumba hunywa kwanza, watu waone kwamba hakuna ubaya, kisha humpa aliye karibu naye mrija ule ule. Kupewa mrija aliounywea mkubwa ni kuambiwa mbele ya watu kwamba wewe ni wa nyumba hii. Niliketi mkono wa kulia wa kaka yangu, mahali pangu tangu baba yetu alipofariki.

Fidele akanywa. Akauinua mrija, akaupitisha mbele ya kifua changu, akampa jirani aliyekaa upande wangu wa pili. Halafu shemeji akatoka ndani na jagi dogo lenye mrija wake. "Shemeji, yako ni hii." Ilikuwa imeshamiminwa, na hakuna aliyeionja mbele yangu. Nilikunywa. Ningefanya nini? Watu walikuwa wananitazama, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Wakati wa kurudi hapakuwa na basi. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika mjini, watu wakitembea makundi makundi kando ya barabara. Tukatembea na sisi, mimi kwa hasira, kwa hatua ndefu. Hatukufika mbali kifua changu kikabana. Si maumivu ya kuchomwa. Ni kama mtu amenifunga mkanda wa suruali kifuani na anauvuta tundu kwa tundu. Mkono wa kushoto ukawa mzito hadi kwenye kidole kidogo. Jasho likanitoka, baridi. Nikakaa chini kwenye mchanga, na baada ya muda mkanda ukalegea.

Mama Nadine alikuwa amenishika kichwa. "Walikupa nini?" akaniuliza.

"Pombe tu."

"Mbona ya peke yako? Nani alionja mbele? Hakuna mutu alionja! Mi nilikuwa naangalia."

Msomaji wa mbali atacheka. Huku kwetu hachekwi mtu kwa neno hilo. Hata chupa ya soda hufunguliwa mbele ya mgeni, macho yake yakiona, na mtu anayekumiminia pembeni amekwisha kukupa sababu ya kuwaza. Niliwaza. Nilikumbuka jinsi mrija ulivyoniruka, na kifua changu kilikuwa bado kinauma. Mke wangu alipompigia Fidele simu kesho yake, sikumnyang'anya ile simu.

"Mulimupa bwana yangu nini?" alisema. "Akikufa, mutajibu mbele ya Mungu!"

Sauti ya kaka yangu niliisikia vizuri, maana simu yetu ile haina siri. "Mama Nadine, hayo maneno, siku moja utayarudisha mu kinywa chako." Akakata. Tangu hapo Gatumba na Buyenzi zikawa nchi mbili.

Sasa pima ilivyokuwa mbaya. Binti yetu Nadine alikuwa amechumbiwa. Siku ya mahari ya binti wa kwetu, anayekaa mbele na kupokea wageni kwa niaba ya ukoo ni kaka mkubwa wa baba yake. Fidele asipokuwepo, wale wageni wangeuliza kwa nini, na sisi tungejibu nini? Kwamba ameniwekea sumu? Nadine alilia siku ile simu ilipokatwa. Alisema, "Papa, basi mi nitaolewa, nani amekaa pale mbele?" Nilimwambia Mungu atajua. Nilikuwa najibu hivyo kila swali gumu.

Mwezi wa tisa mke wangu na majirani wakanipeleka kwa mama mmoja huko Kinama anayesifika kwa kuwatoa watu sumu mwilini. Alinitazama tu, akasema ninayo. Baadaye niliambiwa hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba hana. Akaninywesha dawa ya kutapika, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Alipoona mikono yangu akafurahi zaidi, akasema sumu inatokea kwenye ngozi, akanipaka majivu na mizizi. Na akanipa onyo ambalo kila mtu wa mji huu analijua: mtu aliyelishwa sumu asichomwe sindano ya hospitali. Akichomwa, anakufa palepale.

Niliamini. Ningekuwa nimesoma kuliko nilivyosoma, naona ningeamini vilevile, kwa sababu niliowaona wakiamini walikuwa na digrii na magari.

Nikarudi kwenye cherehani. Yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na hapo nikagundua jambo. Nikishona taratibu, sina tatizo. Nikikanyaga kwa haraka, mteja amesimama ananisubiri, mkanda unarudi kifuani. Nikiacha, unalegea. Nikapanda ngazi za jirani kupeleka suruali, mkanda ukarudi. Nikajiambia sumu hii ina akili, imeijua hata kazi yangu. Na ngozi nayo, yale majivu yaliikausha ikapasuka, damu ikawa inachora kwenye shati. Usiku shuka ilinigandia. Mke wangu alikuwa ananibandua kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kiwiko kwa kiwiko, na hakuna siku aliyokunja uso. Nitamshukuru kwa hilo mpaka waniweke kaburini.

Aliyenitoa huko ni Nadine. Alikuja kazini kwangu mvua za kwanza zilipoanza, akaona damu kwenye shati langu, akakaa mbele yangu.

"Papa, twende hospitali."

"Apana. Unajua nimekatazwa sindano."

"Sikupeleki kwa ajili ya kifua. Kifua chako wachana nacho. Twende kwa ngozi tu. Ngozi ni pommade, hakuna mutu anachoma ngozi sindano."

Binti huyu nilimlipia shule, na hapo ndipo nilipoona faida yake. Nikakubali.

Kusubiri hospitalini ni kazi ambayo ingestahili mshahara. Tulifika asubuhi, benchi limejaa. Nilipokaa, bwana aliyekuwa kando yangu alitazama shingo yangu, akakumbuka ana jambo la kufanya kule mwisho wa ukumbi. Nafasi ikabaki wazi, ile nafasi ninayoijua, upana wa mtu mmoja na nusu. Akaja bibi mmoja, Mkongomani kutoka Uvira, amefunga kitenge cha kijani, akaona nafasi, akashukuru Mungu kwa sauti, akajiachia palepale mpaka bega lake likagusa langu. Akafungua karatasi ya karanga za kukaanga, akanisogezea.

"Baba, kula."

"Mama, asante. Ila mikono yangu..."

"Mikono yako imefanya nini? Iliiba?"

Nikala. Akala na yeye kutoka karatasi ile ile, vidole vyake vikigongana na vyangu, huku ananieleza habari za magoti yake mpaka jina lake likaitwa. Sikumwona tena. Nimeshakula karamu nyingi katika maisha yangu, na hakuna niliyoikumbuka kama karanga zile.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi, koti lake jeupe limempwaya mabegani mpaka vidole vikaniwasha nilipunguze. Akaniambia nivue shati.

"Lote, docteur?"

"Ulikuja nalo moja au mbili? Vua."

Nikavua. Akaushika mkono wangu, mikono yake mitupu, bila glavu, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mabaka kama mimi ninavyopima kitambaa. Machozi yalinitoka. Sikuyapanga. Ukimtoa yule wa Kinama na majivu yake, ilikuwa miaka mtu asiye wa nyumbani kwangu hajanigusa pale. Akaniacha nilie, kisha akachukua mashine ya presha akaifunga kwenye mkono ule ule.

"Docteur, mi nilikuja kwa ngozi."

"Ngozi yako inakaa kwa nani? Si kwa we?"

Akasoma. Akapima tena, mkono wa pili. Akauliza kama nikipanda ngazi napumua vizuri. Nadine, ambaye aliniahidi kwamba kifua changu tunaachana nacho, akafungua kinywa akasema yote: mkanda, mkono mzito, cherehani, jagi, Kinama.

Daktari hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, akaninyima sababu. Alisema tu, "Papa, sikiliza. Hii ngozi na moyo ni majirani. Moto unaowaka hapa juu, unaweza kuwaka na ndani, mu mishipa ya damu. Haimupati kila mutu. Lakini mutu akiwa na soriasisi nyingi hivi, tunamupima moyo, tansiyo, ndiyo presha, sukari na mafuta ya damu, hata kama yeye hajauliza. Na we una maumivu tayari. Leo utatoa damu."

Kutoa damu. Kwa sindano.

Nilisimama nivae shati. Nadine akasimama mlangoni. Nilimtazama nikaona amekonda, mtoto aliyekuwa anapaswa kunenepa kwa furaha ya uchumba. Nikawaza: kama ninayo sumu, nitakufa leo mbele ya binti yangu. Kama sina, basi nimemsingizia ndugu yangu wa tumbo moja. Sikujua ni lipi linanitisha zaidi. Nikakaa, nikanyoosha mkono, nikafumba macho, nikamwomba Mungu anipokee na awatunze wa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimefika kwenye kumwombea hata mwanafunzi wangu mvivu niliposikia sauti ya nesi.

"Papa, tumemaliza. Bonyeza hapa na pamba."

Nikafungua macho. Pamba ilikuwepo, nesi alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Nikasubiri kidogo, kwa heshima. Sikufa. Nikachukua simu nikampigia mke wangu.

"Mama Nadine. Wamenichoma sindano."

Akapiga kelele.

"Niko muzima," nikasema. "Nimekaa hapa, niko muzima kabisa."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, akikaa. Halafu kwa sauti ndogo, "Mungu wangu. Na Fidele?"

Daktari angeweza kutueleza siku nzima habari za mishipa, na mke wangu asingeamini neno. Sindano ile moja ilimaliza kesi.

Moyo nao ulikuwa na lake la kusema. Wakanipeleka kwa mwenzake, daktari wa moyo, akanibandika waya kifuani, akanipandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Nikamwambia kukanyaga ndiyo kazi yangu, aandae mahali pa kuandika. Hazikupita dakika nyingi mkanda ukaja, na safari hii watu walikuwa wanautazama kwenye karatasi ukipita. Wakaniteremsha haraka. Mishipa inayoulisha moyo wangu ilikuwa imeanza kuwa myembamba. Daktari alisema nimekuja kwa wakati, kwamba ningeendelea kutapika kule Kinama hadi Noeli, huenda Noeli nisingeiona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na binti yangu mapema kidogo kabla kifo hakijapata zamu, na ninashukuru.

Matibabu sitakuchosha nayo. Vidonge vya moyo na vya presha ni vya kila siku. Cha ngozi nilipewa cha mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki, ndugu yangu, si kila siku. Daktari aliniita nikiwa mlangoni akanirudishia neno hilo, kwa sababu wapo waliokosea wakaumia. Nakinywa Jumapili nikitoka misa. Siku inayofuata mdomo unakuwa mchungu na mwili mzito, basi Jumatatu sipokei vipimo, nafunga vifungo tu. Damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini. Chumvi nimepunguza, mafuta nimepunguza, jioni natembea na Mama Nadine hadi tuchoke. Na pombe marufuku kabisa, hata ya kuonja.

Noeli ilipofika magamba yalikuwa yamepungua kichwani. Masika yakaja, viwiko vikalainika. Hayajaisha yote, magoti bado yana ukaidi wao. Lakini asubuhi moja nilifagia chini ya cherehani nikaona uzi, vitambaa na chaki. Chaki ya kweli.

Tulikwenda Gatumba kabla ya Noeli ile. Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, kwa hiyo tulibeba kasha la bia. Fidele alikuwa ameketi mlangoni. Mabega yake yalikuwa yameshuka yote mawili; koti la mwaka uliopita lisingemkaa. Mama Nadine akapiga magoti palepale kwenye matope.

"Mukubwa, yale maneno, leo nimekuja kuyarudisha mu kinywa."

Fidele alimwinua. "Na mi niko na yangu," alisema, akanitazama. "Tulikaa kwako, tukakula chakula yako. Nikaona mikono yako, nikaogopa kwa ajili ya watoto. Nikaona haya kukuuliza. Mutu anaulizaje mudogo wake neno kama hilo? Ndiyo nikasema, bora jagi."

"Haiambukizi, mukubwa."

"Ni we unasema hivyo."

Akafungua bia mbele ya macho yetu, kama inavyotakiwa, akanimiminia. Nikamwambia dawa zangu zimekataa pombe. Akaitazama glasi ile iliyojaa, akanitazama mimi, na nikaona anajiuliza kama bado namwogopa. Mke wangu akaeleza habari za ini na vidonge. Akaitikia kwa kichwa. Tulisameheana, tuliomba pamoja, na alikubali kukaa mbele siku ya Nadine. Lakini wakati wa kuagana alinipungia mkono akiwa mlangoni. Hakunishika. Njiani sikulalamika. Nilikuwa na moyo unaodunda na kaka anayenijibu, na mwezi mmoja nyuma sikuwa na uhakika wa kimojawapo.

Siku ya mahari ilikuwa katikati ya kiangazi kilichofuata. Nilijishonea shati jeupe la mikono mifupi. Mama Nadine aliuliza mara moja tu kama nina hakika, nikamwambia nina hakika, kisha nikabadilisha mawazo, kisha nikalivaa.

Wageni walijaa ukumbini. Nadine alitoka na mavazi ya kikwetu, bega moja wazi, amenenepa kama nilivyotaka. Wasemaji wakashindana kwa maneno matamu mpaka ng'ombe wakatajwa na kukubaliwa. Kisha vyungu vikaletwa, kimoja kwa wageni na kimoja mbele yetu. Fidele aliketi mahali pake, mimi mkono wake wa kulia. Mikono yangu ilikuwa mitupu juu ya magoti, mabaka yaliyobaki yote nje, na sikujua niiweke wapi.

Akainama, akanywa. Watu wakamtazama, kama desturi. Akaukamata mrija, na mimi nikatazama sakafu, nisiuone ukipita.

Haukupita. Ulisimama mbele ya mdomo wangu. Alikuwa hajaupangusa, na mkono wake wa pili ulikuwa umenishika kiwiko, kile cha kushoto, kibaya kuliko vyote.

"Mukubwa," nikamnong'oneza, nikiwa na uchungu ambao siwezi kuueleza, "siwezi. Dawa zangu..."

"Unazani mi sijui?" akanong'ona. "Ni mutobe. Ndizi tu, haijachachuka. Chungu yote. Niliwaambia, leo upande wetu hakuna mutu atakunywa pombe. Kunywa."

Nikautia mdomoni. Ilikuwa juisi ya ndizi mbivu, tamu, bado na baridi ya chungu. Nikavuta, nikameza, nikavuta tena. Kiwiko changu kilikuwa bado mkononi mwake. Nilikunywa kwa ajili ya ile siku ya jagi, na kwa ajili ya Kinama, na kwa ajili ya bibi wa karanga popote alipo, sikuona sababu ya kuacha.

"Eh, mutoto wa mama," Fidele akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "tuachie na sisi."